Fungu la Mgeni wa Lamadi

Tulimzika Mzee Hamadi mwezi uliopita, pale Bariadi. Nilitoka Lagangabilili asubuhi baada ya kuomba ruhusa ofisini, nikafika wanaume wakiwa wanarudi kutoka makaburini, nikaenda kukaa na wanawake uani, nyuma ya duka lake. Pilau ilikuwa bado jikoni. Sayi alikuja kunisalimia. Ana kitambi sasa, na nywele zimeanza kumtoka, lakini bado anatembea kama mtu anayekimbilia jambo. Alinipa pole, nikampa pole, halafu akainama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Minza, bado unacheza?" Nikamwambia nilishaacha, anajua. "Najua," akasema. "Ila umenyamaza kwanza ndipo ukajibu. Mwaka ule ulikuwa unanyamaza hivyo hivyo, mpaka tukawa tunakuogopa." Alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kutoka pale nilipokaa niliuona mlango wa stoo ya Mzee Hamadi, umeegeshwa tu, na nilikuwa sijauona tangu nilipokuwa na umri wa miaka ishirini.

Mwaka ule mkoa wetu ulikuwa bado mchanga. Kila wiki ofisi mpya ilifunguliwa na watu waliokuja na mabegi walitafuta vyumba. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo hayakunipeleka nilikotaka, nikapata kazi ya kuchapa na kutoa kopi katika kibanda kimoja mjini. Nilipanga chumba kwa Mama Holo, upande ambao upepo wa kiwanda cha pamba hupita. Msimu wa pamba nyuzi nyeupe ziliingia kila mahali: kwenye chandarua, kwenye maharage, kwenye nyusi za watoto. Ukiamka asubuhi ulizikuta zimelala juu ya shuka kama mtu amekuja kuzipanga. Kuta za vyumba vyetu hazikufika kwenye bati, kwa hiyo kila aliyepiga chafya alijibiwa na nyumba nzima. Nilikipenda chumba kile. Kilikuwa na kitanda, ndoo, jiko la mafuta na dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza ninafanya nini humo ndani.

Nilichokuwa nafanya humo ndani ni kupanga kadi. Mzee Hamadi alikuwa akinunua na kuuza vitu vilivyotumika, redio, baiskeli, magodoro, na siku moja katika mzigo wa vitu vya watoto zikatoka kadi za picha, mamia, zimeandikwa Kiingereza. Alitaka kuzitupa. Sayi, aliyekuwa fundi simu kwenye kibaraza cha duka, alizitafuta mtandaoni akajua ni mchezo, watu wanaucheza dunia nzima na kushindania vikombe. Basi Jumamosi mchana, duka likipoa, Mzee Hamadi alitufungulia stoo, sisi vijana sita au saba, tukakaa juu ya magodoro yaliyofungwa kamba tukacheza. Haikuwa kama karata za kawaida, ambazo wote mnagawana pakiti moja. Huu kila mmoja anakuja na fungu lake, kadi arobaini alizozichagua mwenyewe nyumbani, na yule atakayekaa mbele yake hajui ndani kuna nini. Kuna kadi za nguvu, sisi tuliziita maji, na kuna kadi za wanyama na askari, tuliziita ng'ombe. Ukiweka maji machache, ng'ombe wako wanabaki mkononi hawatoki. Ukiweka maji mengi, unakaa na visima vilivyojaa na zizi tupu. Kujua kiasi gani cha kila kimoja, na kadi gani inaisaidia ipi, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kucheza ni kuja kuona tu kama ulifikiri vizuri.

Mimi sikuwa nafikiri vizuri. Nilijaza kila picha niliyoipenda, nikapigwa kila Jumamosi. Sayi alikuwa na fungu la mbio, askari wadogo wengi wanaotoka mapema, na alikuwa akinimaliza kabla sijapanga chochote. Mzee Hamadi, ambaye hakucheza lakini alitazama kila kitu huku akivuta tasbihi yake, alinihurumia. Jumamosi moja alirudi kutoka Lamadi kwenye mnada wake wa vitu, akaniita pembeni. "Binti, hizi zilikuja na godoro," akasema. "Kuna mama wa gesti alikuwa anasafisha vyumba. Mgeni aliziacha, hakurudi. Chukua." Alinipa kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa cha jikoni, fundo limekazwa sana. Ndani yake kulikuwa na fungu zima la kadi, kila kadi ndani ya kifuko chake cha plastiki.

Nilizitandaza kitandani siku ileile, nikavunjika moyo. Hapakuwa na mnyama hata mmoja wa kutisha. Zote zilikuwa kadi ambazo sisi tulizitupa: geti linalofungwa zamu moja, mbwa asiyeuma ila anamzuia askari asipite, mzee anayerudisha kadi yoyote ya mezani mkononi kwa mwenyewe. Ilinichukua siku kadhaa kuona. Nilikuwa nakula michembe ya viazi vitamu na chai, nimekaa sakafuni, na ghafla nikaona jinsi geti linavyompa mbwa muda, na mbwa anavyompa mzee muda, na mzee anavyolirudisha geti. Fungu lile halikujengwa ili lishinde. Lilijengwa ili jambo lolote lisitokee. Anayecheza nalo anasubiri tu, anazuia, anazuia, mpaka mwenzake anafika mwisho wa kadi zake hana cha kuvuta, na kwa sheria za mchezo ule huyo ameshindwa. Nikafikiri, huyu mtu aliogopa nini? Maana kupanga fungu ni kama kupanga chumba. Ukikaa ndani yake muda mrefu unajua aliyekipanga alikuwa akilala kichwa kikielekea wapi.

Nilianza kushinda. Jumamosi ya kwanza Sayi aligonga kichwa kwenye geti mpaka kadi zikamwishia, akabaki anatazama mkono mtupu kama mtu aliyeibiwa sokoni. Jumamosi zilizofuata walishindwa wote. Lakini haukuwa ushindi wa kufurahia. Mchezo ulikuwa unachukua muda mrefu, stoo ilikuwa na joto, na waliokaa mbele yangu waliacha kuongea kidogo kidogo. Kijana mmoja aliinuka katikati akasema kichwa kinamuuma, akaenda, hakurudi kucheza tena. Nilijaribu kulibadilisha fungu. Nilitoa kadi chache za kuzuia nikaweka mnyama mkubwa, nikashindwa vibaya, nikazirudisha. Nilipozirudisha nilihisi kama nimeomba radhi.

Wakati huo Mama Holo alikuwa akinialika kula naye Jumapili baada ya kanisa. Siku moja tukiwa kwenye ugali na sato, aliacha kutafuna akanitazama mkono. "Mwanangu, tangu lini unakula kwa mkono wa kushoto?" Nilitazama. Tonge lilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Sijawahi kula kwa kushoto maisha yangu yote. Nikacheka, nikasema nimechoka kuchapa. Nilipobaki peke yangu nikazichunguza zile kadi dirishani, nikaona plastiki zimekwaruzika na kufifia kona moja tu, zote kona ileile, pale dole gumba la mkono wa kushoto linapokaa. Nikajiambia ni jambo rahisi. Nimezishika zilivyozoea kushikwa, mkono umejifunza. Lakini pia nilikuwa nimeacha sukari kwenye chai, na sikujua niliiacha lini.

Halafu nikasikia maongezi. Nilikuwa nimelala mchana, homa kidogo, na nyumba ilidhani nipo kazini. Mama Holo alikuwa uani anachambua mchele na jirani yake, wanaongea Kisukuma kwa sauti ya chini. "Yule binti anaongea na mtu," Mama Holo alisema. Jirani akauliza mtu gani. "Hakuna mtu. Nimechungulia mchana kweupe. Amepanga kadi kitandani pande mbili, anacheza upande huu, anahamia upande ule." Jirani akauliza anasema nini. Mama Holo akamwaga mchele kwenye ungo, nikausikia. "Anasema, subiri. Halafu anakaa kimya kama anasikiliza. Halafu anasema, bado." Nililala pale nikitazama nyuzi za pamba zikitembea juu ya chandarua. Nilijua nilikuwa nacheza pande mbili, ndivyo tulivyojifunza wote. Lakini kusema neno lolote, hapana. Sikukumbuka hata mara moja.

Nilimweleza Sayi. Hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi. Alikuwa akitengeneza simu, bisibisi mkononi, akasema bila kunitazama, "Ukicheza, Minza, sikuoni wewe. Naona mtu anayenisubiri nimalize. Lirudishe kwa Mzee Hamadi." Nikamwambia nitalirudisha baada ya mashindano. Kulikuwa na mashindano Mwanza, wachezaji wangetoka Arusha na Dar, na nilitaka sana kwenda. Kwa mara ya kwanza tangu matokeo yale ya mtihani kulikuwa na kitu nilichokiweza. Sayi alikubali twende pamoja. Nadhani alikwenda ili asiniache peke yangu nalo.

Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, viti vyenye vitambaa vyeupe kama vya harusi. Wale wenzetu walikuwa na mikeka maalumu ya kuchezea, sisi tulikuja na kadi ndani ya kasha la viatu. Nilishinda mechi ya kwanza, nikashinda ya pili. Mechi ya tatu nilipangwa na kijana wa Arusha anaitwa Eliya, mwembamba, mchangamfu, alinipa mkono na kunitania kuhusu vifuko vyangu vilivyokwaruzika. Tukaanza. Zamu chache zikapita, utani ukaisha. Alikuwa haangalii kadi zake tena, aliangalia mkono wangu wa kushoto. "Sasa utafunga geti," akasema. Nilikuwa tayari nimeishika kadi ya geti. Niliiweka. "Halafu utamweka mbwa mlangoni, hata kama huna haja naye." Niliweka mbwa. Akalaza kadi zake kifudifudi mezani taratibu, na midomo yake ilikuwa imekauka. "Na sasa hivi umesema subiri," akasema. "Umesikia ulivyosema? Dada, hili fungu umelitoa wapi?"

Watu wa Arusha walisogea mmoja mmoja. Walikuwa wanalijua. Wachezaji ni wachache nchi hii, na fungu la mtu linajulikana kama mwendo wake. Eliya alisema ni la kaka yake, dereva wa magari ya watalii, aliyeacha kazi baada ya kugombana na mwajiri, akapiga simu kusema anakwenda Musoma kutafuta kazi nyingine. Simu haikupatikana tena. Walimtafuta Musoma yote. Mtu mmoja nyuma yangu akasema waitwe polisi. Sayi akasimama kati yangu na yeye akasema, "Waiteni. Sisi tutawaonyesha duka lilikotoka fungu hili." Eliya hakumsikia. Alikuwa ameinama mezani, uso karibu na wangu. "Umemwona wapi?" Nikasema sijamwona, nimekuta kadi tu, nimejifunza kwenye kadi. "Huwezi," alisema. "Mimi nimecheza naye tangu tuko wadogo na siwezi kucheza hivyo. Hakuna anayejifunza hivyo kwenye kadi." Niliutazama mkono wangu wa kushoto, bado umeshika kadi.

Kesho yake tulipanda basi la Lamadi, sisi watatu. Mzee Hamadi alituelekeza kwa simu. Gesti ilikuwa nyuma ya barabara kuu, harufu ya dagaa wanaokauka imejaa ua mzima. Mama wa pale alimtazama Eliya muda mrefu kabla ya kuitikia shikamoo yake. "Mmefanana," akasema, akatukalisha. Alitueleza bila kuficha. Yule kijana alishuka kwenye gari anaumwa, akasema atapumzika kisha aendelee na safari. Alikuwa hatoki, anacheza kadi kitandani, mkono wa kushoto dhidi ya wa kulia. "Nikimpelekea uji ananiambia, subiri mama, bado," alisema, na Sayi akanishika kiwiko. Homa ilipozidi, mama alimtafutia gari la kumpeleka hospitali Bariadi. Simu yake ilikuwa imezima siku nyingi, mama alikuwa hajamwandikisha kitabuni, na kwa homa hakuweza kutaja jina wala kwao. Alitoa taarifa kijijini, akamsubiri mtu aje kuuliza. Hakuna aliyekuja. Aliposafisha chumba akafungasha vilivyobaki. "Nilisikia gari liliharibika njiani," akasema. "Muulizeni Mzee Maduhu, kwenye majaruba ya mpunga."

Tulichukua bodaboda mbili, tukaacha lami tukashika njia ya Bariadi, tukapita pamba, kisha mpunga, kijani kibichi kiasi cha kuumiza macho, na hapakuwa na mtu shambani. Mzee Maduhu alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Mkewe alitoka nje, akatutazama, akaketi chini pale pale mlangoni kabla hatujasema lolote. "Wamekuja," alimwambia mumewe kwa Kisukuma. "Nilikwambia watakuja."

Gari liliharibika mbele ya nyumba yao. Wakamlaza mgonjwa kivulini, bibi akampa maji, akamfutia uso, na kabla gari jingine halijafika alikuwa amefariki. Serikali ya kijiji ilikuja, wakasubiri ndugu, ndugu hawakujulikana, na mzee akasema mtu aliyefia mlangoni kwake hazikwi kama mbwa. Walimzika kwenye ardhi yao, pembeni ya mpunga, karibu na mtoto wao wenyewe. Padri alikuja. Kaburi lilikuwa limefagiliwa. Eliya alisimama pale mpaka mzee akaenda kumshika bega na kumrudisha nyumbani, maana chakula kilikuwa tayari, na bibi hakutaka kusikia habari ya kuondoka. Tulikula ugali na maziwa mgando. Bibi alikuwa akimwekea Eliya mbele kila kitu, na Eliya alikuwa akila kama mtoto anayeamrishwa.

Baada ya kula Eliya aliniambia, "Tucheze." Sayi alisema hapana, akamwita pembeni, lakini Eliya alikuwa ameshafungua begi lake. "Hakuwahi kuniachia hata mechi moja," alisema. "Nataka kucheza naye mara ya mwisho." Tulitandikiwa ngozi ya ng'ombe uani. Jua lilikuwa juu. Mzee na bibi walikaa kwenye vigoda wakatazama, hawakuuliza ni mchezo gani. Nilichanganya kadi, nikavuta, nikaweka maji, nikaweka mbwa. Mwanzoni mambo yalikwenda kama kawaida. Halafu Eliya alimtoa mnyama mkubwa, na ilikuwa zamu yangu, nikasubiri mkono uende. Haukwenda. Nilitazama zile kadi na sikujua nicheze ipi. Nilikuwa nazishika kwa mkono wa kulia. Nilisikia kuku, nikasikia upepo kwenye mpunga, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi nikasikia kwamba ndani ya kichwa changu hamna mwingine. Nilifikiri mwenyewe, taratibu, nikakosea. Geti nilishalitumia mapema. Zamu tatu baadaye Eliya alikuwa ameshinda.

Hakushangilia. Alizitazama kadi zake zilizobaki, nyingi, ambazo kaka yake asingemwachia, akauliza kwa sauti ndogo, "Umeniachia?" Nikamwambia hapana. "Basi ameondoka," akasema, akajifunika uso. Sayi alizikusanya kadi zote, za Eliya na zangu, akiwa na haraka ya mtu anayeokota vioo, akamwekea Eliya fungu la kaka yake begini. Sikulidai, wala sikulikumbuka mpaka tulipokuwa kwenye basi.

Tulilala pale. Asubuhi, tukinywa chai, Mzee Maduhu alimgeukia Eliya. Alionekana kama mtu aliyekuwa na swali hili muda mrefu na kuona aibu kuliuliza kwenye chakula cha msiba. "Jina lake nani?" akasema. "Sisi tulimlilia bila jina. Padri alipouliza, tulisema mgeni." Eliya akamwambia: Natanaeli. Mzee akalirudia mara moja, akaitikia kwa kichwa. Bibi aliweka kikombe chini, akajifunga kanga, akashika njia ya kwenda majarubani. Tulimwona akifika pembeni ya mpunga, akapiga magoti kidogo kama wanavyofanya wanawake wa kwetu wakitoa salamu ya asubuhi kwa Kisukuma, na sauti yake ikatufikia mpaka uani.

"Mwangaluka, Natanaeli," alisema.